Nuru ya saa 6 usiku si satelite

Kila wiki swali ni lilelile: "Ile satelite iliyowasha taa juu ya Goma saa 6 usiku ni ya nani?" Si ya mtu. Satelite haituwashii taa. Tunachokiona ni mwanga wa jua ukigonga paneli zake na kurudi kwetu, kwa hiyo jua lisipoifikia, huioni hata ikipita utosini.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwetu jua huzama karibu saa 12 jioni, tena huzama wima: kila saa linashuka takriban nyuzi 15 chini ya upeo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapita juu kidogo ya kilomita 400. Kikiwa utosini, kivuli cha dunia kinakimeza mnamo saa 1:20 usiku. Satelite za intaneti za Starlink zilizo kilomita 550 juu zinapata kama dakika 10 zaidi. Baada ya hapo utaziona magharibi tu, chini chini, na kufikia saa 3 usiku zimekwisha. Zinarudi mashariki kuanzia saa 9 usiku. Anayekuambia zinaonekana usiku kucha amesoma habari za Juni ya Ulaya, ambako jua halishuki sana.

Nuru ya usiku wa manane itafute kwingine: ndege, sayari, au taa za wavuvi wa sambaza (dagaa) kwenye Ziwa Kivu.

Nuru za jioni au alfajiri sasa: nyekundu na kijani ni ndege, basi. Nuru inayowaka na kufifia kwa zamu mara nyingi ni mwili wa roketi unaopinduka. Inayokwenda kaskazini–kusini huenda ni satelite ya kupiga picha dunia. Ile satelite ya parabole yako (dishi la televisheni) iko kilomita 35,786 juu. Usiitafute kwa macho.

Kwenye Heavens-Above, programu inayotabiri lini satelite zitapita, andika mahali pa Goma: kusini 1.68, mashariki 29.22, saa UTC+2. Ukiiachia Kinshasa kama mahali pako, umekosea saa nzima na zaidi ya kilomita 1,500, halafu unasema programu inadanganya! Utabiri uwe wa siku hiyo, maana kituo cha anga husukumwa juu mara kwa mara na ratiba ya zamani hupotoka. Baki kwenye parsele (kiwanja) yako, zima taa ya nje, ngoja dakika 15 macho yazoee giza.

Starlink zilizokwisha kutawanyika baada ya kurushwa pamoja zinanisumbua hata mimi. Ziko maelfu, zinafanana, na njia zao zinapishana. Bila saa kamili hadi sekunde, pamoja na nyota ambayo satelite uliyoiona ilipita karibu nayo, sitakutajia namba ya satelite hiyo.