Kibeji cha mpiga eksirei kinamkinga na nini?

Hakimkingi na chochote. Naanza na jibu kwa sababu mimi mwenyewe nililikosa kwa miaka.

Nilikuwa nimempeleka shangazi kupigwa picha ya kifua, hapa Mbeya, asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa saba. Dada wa eksirei alikuwa amebana kwenye koti kibeji cha plastiki, ukubwa kama wa kiberiti. Nikamwuliza, "Dada, wewe umejikinga, shangazi yangu mbona humpi chake?" Akacheka. "Hiki hakikingi kitu, kaka. Kinahesabu tu."

Nilikuwa nimekifanya hirizi. Na siko peke yangu: wapo wanaoamini kinanyonya mionzi kabla haijafika mwilini, kama sifongo, na kikijaa kinapelekwa kubadilishwa. Hilo la kubadilishwa ni kweli, na ndilo linalotupoteza. Lakini kitu cha upana wa vidole viwili kitakingaje mapafu, ini na tumbo? Kinachomkinga dada yule ni ukuta, kioo chenye madini ya risasi, aproni ya risasi, na umbali: ukiongeza umbali wako na chanzo cha mionzi mara mbili, mionzi inayokufikia hushuka hadi karibu robo. Beji ni karani wa mizani kwenye barabara ya Tunduma. Anaandika uzito wa lori, hasukumi wala habebi.

Na mgonjwa? Picha moja ya kifua humpa takriban milisivati 0.1 au pungufu (milisivati ni kipimo cha dozi, yaani mionzi anayoipata mtu), wakati wastani wa dunia wa mionzi ya asili, ile ya ardhini, hewani, angani na kwenye chakula, ni kama milisivati 2 hadi 3 kwa mwaka. Anapigwa, anaondoka. Mfanyakazi yupo pale kila siku, na kwa kawaida kikomo chake ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mionzi inayomsogelea hutoka kwa mgonjwa mwenyewe, maana mionzi ikigonga mwili hutawanyika pembeni. Kwa sehemu ile ya sekunde, chanzo alikuwa shangazi yangu. Sikumwambia.

Sasa, plastiki isiyo na betri inahesabuje? Ndani yake, katika aina inayotumika sana, mna vipande vya fuwele ya lithiamu floraidi, iliyotiwa magnesi na titani kidogo sana. Chukulia lori la viazi linatoka Uyole kwenye barabara yenye mashimo. Kila likirushwa, viazi vinaruka. Vingi hurudi humo humo kwenye lori, vichache hudondokea mashimoni na kubaki. Jioni hukuliona lori, lakini ukihesabu viazi mashimoni utajua barabara ilitikisa kiasi gani. Viazi ni elektroni, zile chembe ndogo za ndani ya atomu, mtikisiko ni mionzi, na mashimo yamechimbwa kwa makusudi: ndiyo kazi ya ule unga wa magnesi na titani. Kiazi kilicho shimoni hakina nguvu ya kupanda chenyewe, kwa hiyo kinakaa miezi.

Maabara huichoma fuwele hadi nyuzi mia mbili na zaidi. Joto linavifukuza viazi mashimoni, na kila kimoja kikirudi mahali pake kinatoa chembe ya mwanga. Mwanga mwingi, dozi kubwa. Uzuri na ubaya wake ni kwamba kusoma ndiko kufuta: ukishachoma, mashimo ni matupu, huwezi kurudia hesabu.

Fuwele hiyo imependwa kwa kuwa inapokea mionzi karibu kama nyama ya mwili. Karibu tu. Beji hukadiria dozi ya milimita 10 chini ya ngozi, pale ilipobanwa. Kujua figo au tezi ya shingo imepata nini, wataalamu hutumia mwili wa kwenye kompyuta uliokatwa vijisanduku vidogo. Mwanamume wa mfano ana sentimita 176 na kilo 73. Shangazi yangu hafanani naye hata kidogo. Na chini ya milisivati 100 ushahidi wa madhara ni mwembamba; sheria huchukulia tu kwamba kila kidogo kina uzito wake.

Nchini, usomaji wa beji hufanywa na Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, yenye maabara Arusha. Beji za wafanyakazi huambatana na moja isiyovaliwa na mtu, inayokaa mbali na mashine. Hiyo nayo hukusanya: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa iliyo juu yetu ni pungufu, na mionzi ya angani inapenya zaidi kuliko Dar es Salaam. Hesabu yake hupunguzwa kutoka kwenye za wengine.

Kinachowasumbua wasomaji zaidi ni beji iliyosahaulika kwenye koti, koti likaachwa limetundikwa chumba cha mashine wiki nzima. Karatasi inarudi na dozi ya kutisha, na mwenye koti alikuwa likizo Kyela.