Je, wajua kwa nini muuguzi huhesabu pumzi za mtoto mwenye mafua kwa dakika nzima?

Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapokaza, mabenchi ya zahanati hujaa akina mama waliowafunga watoto kwa vitenge, sweta juu ya sweta, na kila upande ni kikohozi na makamasi. Zamu ya mama ikifika, muuguzi humwomba amfungue mtoto kifua, kisha hushika saa na kukodolea macho tumbo la mtoto kwa dakika nzima bila kusema neno. Walio nyuma kwenye foleni huanza kunung'unika, wakidhani anapoteza muda.

Kazi anayoifanya hapo ni kutenganisha magonjwa mawili ambayo kwa nje hufanana sana. Mafua na kikohozi cha kawaida hukaa katika njia ya juu ya hewa, yaani kuanzia puani hadi kooni, na mara nyingi husababishwa na virusi ambavyo antibayotiki haziviwezi. Nimonia hushuka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu na kuvijaza majimaji au usaha, hivyo mapafu hukakamaa na oksijeni hupita kwa shida. Mtoto hawezi kuvuta pumzi ndefu tena, kwa hiyo hufidia kwa kuvuta fupifupi na za harakaharaka, na haraka hiyo inaweza kuonekana hata pale ambapo sikio halijasikia kitu chochote kifuani.

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa chini ya miezi 2 anahesabiwa kuwa anapumua kwa kasi akifikisha pumzi 60 kwa dakika, naye muuguzi humhesabu tena mara ya pili ili kuthibitisha. Wa miezi 2 hadi 11 kikomo chake ni 50, na wa mwaka 1 hadi 5 ni 40.

Kwa nini basi asihesabu nusu dakika akazidisha mara mbili? Kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mwendo wa saa ya ukutani: hukimbiza pumzi kadhaa, akapumzika kidogo, kisha akaanza tena. Chukua mtoto wa miezi 5 aliyevuta pumzi 26 katika nusu ya kwanza ya dakika na 20 katika nusu ya pili. Mwenye haraka angeandika 52 na kumpa mtoto dawa ya nimonia, ilhali hesabu kamili ni 46, ambayo haifiki kikomo. Kosa hilo likigeuka upande wa pili ni baya zaidi, maana mgonjwa wa kweli hurudishwa nyumbani kwenye baridi.

Kilio, kunyonya na homa navyo huongeza kasi, ndiyo maana muuguzi mzoefu husubiri mtoto atulie, na akimkuta amelala mgongoni mwa mama hapendi aamshwe kabla ya kuhesabiwa. Wakati huohuo hutazama kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa, dalili ambayo sweta mbili huificha kabisa.

Hesabu ikiwa ya kawaida na kifua hakibonyei, huduma ni nyepesi: kunyonyesha mara nyingi zaidi, kulainisha makamasi makavu kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi kabla ya kunyonya, kwa kuwa mtoto mchanga hutegemea pua kupumua, na kutomlaza chumba kimoja na jiko la mkaa linalowaka, desturi ambayo kwa baridi yetu naielewa lakini siitetei. Asali husaidia kikohozi, ila asipewe aliye chini ya mwaka 1. Mama huambiwa arudi baada ya siku 5 ikiwa hakuna nafuu, na arudi siku hiyohiyo akiona mtoto anapumua kwa kasi au kwa shida, au ameshindwa kunyonya.