Wanja kwenye gumba: ninavyoipatanisha bastola ya mashindano na mkono wa mwenyewe

Mama mmoja wa Kizingo, Mombasa, aliniletea bastola yake ya mashindano, ya jamii ya 1911 (muundo wa zamani wa jeshi la Marekani), ya risasi za 9 mm, na ombi lake lilikuwa moja tu. "Fundi, niwekee kitufe kirefu cha kuachia magazini. Hiki sikifikii." Vijana anaofanya nao mazoezi walikuwa wameshamwonyesha kitufe chenyewe kwenye simu, na bei yake.

Nikamwomba tuanze na mkono. Nilitoa magazini, kile kisanduku cha risasi, nikavuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, nikaitazama chemba, risasi inamokaa kabla ya kupigwa, kisha nikaipapasa kwa kidole, naye akahakikisha. Kwenye meza yangu ya kazi risasi haikai hata moja. Halafu nikatoa kijaluba cha wanja ninachokiweka kwenye mtoto wa meza, nikampaka kidogo kwenye ncha ya kidole gumba.

"Haya mamangu, elekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga, fumba macho, shika kama unayetaka kupiga. Kitufe usikitafute. Liache gumba lako lilale linapotaka kulala."

Alipofungua mkono, doa jeusi lilikuwa juu na nyuma ya kitufe, umbali wa 11 mm. Kumbe kila alipobadilisha magazini ilimbidi aizungushe bastola kiganjani kufidia hizo 11 mm, kisha airudishe. Hairudi ilipokuwa. Risasi ya kwanza baada ya kubadilisha magazini ikawa inaangukia kushoto kila mara, naye akadhani ni haraka zake.

Kitufe kirefu kingempunguzia safari ya gumba, lakini mshiko mbovu ungebaki palepale. Nilimwambia aweke kidole cha shahada kwenye triga, ngumi ikiwa imekaza. Ilikuwa triga ndefu, na ili kuifikia alikuwa amelizungusha gumba kuelekea nyuma ya mpini, mtutu hauko tena kwenye mstari mmoja na mkono wake kuanzia kiwiko. Bastola ikirudi nyuma inampiga kwenye kifundo cha gumba. Gumba lenyewe, kwa sababu mkono mzima umezunguka kulia, likawa limevutwa mbali na kitufe.

Hili si jambo geni. Miaka ya 1920 jeshi la Marekani liliirekebisha 1911 ikawa M1911A1, na miongoni mwa mabadiliko yalikuwa triga fupi zaidi na fremu iliyochongwa nyuma ya triga ili kidole kipate nafasi. Hayo yalifanyika kwa ajili ya mikono midogo. Nikamwekea triga fupi. Nikabadilisha na vibao vya mpini: alikuwa na vya mbao, vinene, vizuri kwa macho, nikampa vyembamba vya aluminiamu. Kibao kinene husukuma kiganja nje, na kila kiganja kinaposukumwa nje vidole vyote hupungukiwa na urefu.

Tukapaka wanja tena. Doa lilikuwa limesogea, zimebaki 4 mm. Hapo ndipo nilipofungua droo ya vitufe.

Na kwenye vitufe niliwahi kukosea, kosa ambalo bado linaniuma. Kijana mmoja alinilipa vizuri, nikamwekea kitufe kirefu kuliko alichohitaji kwa sababu pale dukani alikifikia bila shida na wote wawili tulifurahi. Siku ya mashindano, mkono wa kushoto ulipokaza ili kuzuia mrusho, nyama ya kiganja ikakibonyeza. Magazini ikashuka kidogo tu, kiasi cha kutoonekana. Risasi ya tatu haikupanda chemba, na saa inahesabu. Alikuwa amejiandaa miezi, na kazi yangu ndiyo iliyomwangusha.

Tangu siku hiyo kitufe hakitoki mikononi mwangu bila majaribio haya. Magazini inajazwa risasi za bandia, mwenyewe anakaza mikono miwili kwa nguvu zake zote huku nikiitikisa bastola. Kisha inaingia kwenye ala yake. Anakaa kitini, anainama, anachutama, maana ala nyingine hubana kitufe kirefu. Kikigusika hata mara moja, nakipiga tupa nusu milimita, naviringisha kingo, naanza upya. Cha mama wa Kizingo nilikipunguza mara mbili. Baada ya hapo ni uwanjani, risasi halisi 200 angalau, kabla hajaandikisha jina popote.

Komeo la slaidi, linaloishika slaidi nyuma magazini ikiisha, nalo lina visa vyake. Anayelaza magumba yote mawili mbele, juu juu, mara nyingi hulikandamiza bila kujua, na slaidi haibaki nyuma magazini ikiisha. Anavuta triga, anasikia mlio mkavu. Wengine hulisukuma kutoka chini na slaidi inakwama nyuma ilhali risasi bado zimo. Wote wawili huniambia springi imechoka. Komeo dogo, au gumba kupewa mahali pengine pa kupumzika, humaliza kesi.

Wenye 1911 hupenda gumba la kulia likae juu ya kishikio cha usalama, kile cha pembeni kinachoizuia bastola isipige, na ni sawa kabisa, kishikio kipana husaidia. Tatizo ni kwamba gumba likipanda, kiganja huinuka na kuacha kukandamiza kile kizuizi cha nyuma ya mpini, na bastola inakataa kupiga. Dawa yake ni kizuizi chenye nundu chini, kinachokifuata kiganja. Mara kwa mara huombwa nikifunge kabisa kwa pini. Sifungi, hata mteja akiondoka na hasira.

Na hapa kwetu kuna hali ya hewa. Ukipimiwa bastola kwenye chumba chenye kiyoyozi, umepimiwa mkono usiokuwa wako. Njoo saa nane mchana, msimu wa kaskazi, mkono umevimba kidogo kwa joto na jasho linateremka hadi kwenye kiwiko, tuone kama doa la wanja linaangukia palepale. Mpini laini uliokupendeza asubuhi unateleza kama samaki. Ule mkanda wenye chenga kama msasa unashika vizuri, lakini jasho huubandua kuanzia pembeni, kwa hiyo napendelea vijino vilivyochongwa kwenye chuma chenyewe. Skrubu na springi ndogo zinapata kutu ya upepo wa bahari upesi kuliko mtutu. Ukitoka uwanjani, futa na upake mafuta jioni hiyohiyo, usingoje Jumapili.

Kabla ya kununua chochote, fungua kanuni za divisheni yako, yaani daraja la silaha unaloshindania. IPSC, shirikisho la mashindano ya kulenga shabaha lililoanza 1976, na IDPA, chama cha namna hiyo kilichoanza 1996, kila kimoja kina orodha yake ya vinavyoruhusiwa. Kipande kinachokubalika kwenye divisheni ya Open kinaweza kukutoa kwenye ile ya Production. Na kazi yenyewe ifanywe kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, kama Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, inavyotaka. Usimpe jirani mwenye tupa na moyo mwema.

Wenye mkono wa kushoto wananiuliza kama lazima kitufe kihamishiwe kulia. Si lazima. Bastola za Glock tangu kizazi cha nne, mwaka 2010, hukubali kitufe kugeuzwa, lakini nimeona wapigaji wa kushoto wanaokibonyeza kwa kidole cha shahada, kitufe kikiwa palepale kushoto, upesi kuliko wa kulia wanavyotumia gumba. Jaribu wiki mbili kabla ya kunilipa.

Mama wa Kizingo alirudi juzi. Risasi ya kwanza baada ya magazini sasa inakaa katikati na nyenzake. Lakini alinionyesha kifundo cha kidole cha shahada, chini kabisa, ngozi imechubuka: kishikio cha usalama cha upande wa kulia kinamsugua kila bastola inaporuka. Alhamisi tutakipunguza upana, nusu milimita kwanza, halafu apige, halafu tuangalie tena.