Terzaghi hakukupa ruhusa ya kumwaga zege

Nimeletewa tena jedwali la Excel. Kijana mpole, mwenye adabu zake, ameandika chini yake: "Shikamoo mzee. Tumetumia Terzaghi, udongo unabeba kPa 470. Tunaomba sahihi yako tuanze kumwaga." (kPa ni kipimo cha shinikizo.) Nikamuuliza sampuli zilichukuliwa lini. Septemba. Yaani kabla ya vuli, udongo umekauka hadi unatoa vumbi. Sahihi sikutoa, ila nimeona bora niandike hapa, maana si yeye peke yake.

Wengi waliopita chuo cha uhandisi wanamjua Karl Terzaghi kwa fomula moja tu, ile ya uwezo wa udongo kubeba msingi. Jina likitajwa, mjadala umefungwa. Profesa wa Harvard kasema, wewe nani?

Historia yake naipita haraka. Alizaliwa Prague mwaka 1883, akasomea uhandisi wa mitambo Graz, akazunguka kwenye saiti za mabwawa, kisha mwaka 1916 akaenda Istanbul kufundisha. Ni huko Istanbul, akiwa Robert College baada ya vita, alikounda mitambo ya kupima udongo kwa vitu vya kuokoteza. Mwaka 1925 akatoa kitabu chake cha mekanika ya udongo, akahamia MIT, akarudi Vienna, na mwaka 1938 akaenda Harvard. Alistaafu miaka ya 1950, akafariki Oktoba 1963.

Sasa fomula. Aliichapisha mwaka 1943, na mzizi wake si udongo hata kidogo. Ni hesabu ya Ludwig Prandtl, mtaalamu wa mekanika, kuhusu kitu kigumu kinachokandamizwa juu ya chuma. Terzaghi aliongeza uzito wa udongo, akachukulia kwamba kitako cha msingi kina msuguano, na akaamua kwamba udongo ulio juu ya kitako ni uzito tu usio na nguvu yake. Hizo ni dhana, na alizitaja waziwazi. Kuhusu Nγ, namba inayozidisha sehemu ya upana wa msingi, hakuonyesha hatua zake zote, na waliomfuata wamelazimika kurudi nyuma kutoka kwenye mchoro wake kukisia alivyofika pale. Vitabu vya darasani vinakupa namba yenye desimali moja, 19.7 kwa nyuzi 30, kana kwamba imeshuka na mvua. Mimi desimali ile siiamini.

Lakini hilo ni dogo. Kinachonikera ni c, yaani mshikamano wa udongo.

Chukua msingi mrefu wenye upana wa mita 1.5, kina mita 1, udongo wenye uzito wa kilonewton 18 kwa mita ya ujazo, pembe ya msuguano nyuzi 30, mshikamano kPa 20. Kwa pembe hiyo Nc, kizidishi cha c, ni 37.2, kwa hiyo c peke yake inakupa kPa 744. Kina kinaleta 405, upana kama 266. Jumla 1,415, gawanya kwa 3 kwa ajili ya usalama, unapata 470 na ushee. Hesabu ya kijana ni safi kabisa. Ila zaidi ya nusu yake imetoka kwa c, na c ya udongo mwekundu uliochimbwa kiangazi mara nyingi si mali ya udongo. Ni maji machache yaliyobaki kwenye vinyweleo, yaani vitundu kati ya chembe, yanayozivuta chembe zishikane. Vinyweleo vikijaa maji, mvuto huo unakwisha. Ondoa c, rudia hesabu: 224. Masika moja imekula nusu ya msingi wako, na hapo sijapandisha maji ya ardhini, ambayo yangekata tena sehemu ya upana. Kile kigawanyo cha 3 mnachokitegemea kimekuwa 1.4 na ushee bila mtu kugusa kikokotoo.

(Na tafadhali usiniletee fomula hii kwa udongo mweusi wa mbuga. Kule tatizo si kuzama. Ni kuvimba, na fomula haijui kuvimba ni nini.)

Ajabu ni kwamba aliyetufundisha kuogopa maji ndani ya udongo ni Terzaghi huyohuyo. Hilo ndilo aliloacha, hata fomula ingefutwa leo. Mkazo unaoamua nguvu ya udongo na kutitia kwake ni ule unaobebwa na chembe zenyewe, yaani mkazo wote ukitoa shinikizo la maji ya vinyweleo. Bonyeza chupa ya plastiki iliyojaa maji na kufungwa kifuniko: inakugomea, kwa sababu maji ndiyo yanayokujibu. Itoboe kijitundu kwa sindano na ubonyeze tena: inabonyea taratibu, kwa mwendo wa maji yanayotoka. Udongo wa mfinyanzi ni hivyo, isipokuwa kijitundu chake kinaweza kuchukua miaka.

Nusu ya kwanza ya habari hii kila mtu anaijua: ukipandisha tuta juu ya mfinyanzi laini, hatari kubwa ni wakati wa ujenzi, baadaye maji yanatoka na udongo unapata nguvu. Nusu ya pili inasahaulika. Ukikata kilima, umeondoa mzigo. Shinikizo la maji linashuka, ukuta unasimama wima, mkandarasi anapiga picha na kulipwa. Kisha maji yanarudi polepole, chembe zinaachiana, na ukuta unakuja chini wakati hati ya makabidhiano imeshafungiwa kabatini. Anayesema "mbona umesimama mwaka mzima" anautetea kwa ushahidi unaomshtaki.

Mfano wa jinsi mzee huyu alivyofikiri uko karibu nasi, Kinangop, Kenya. Bwawa la Sasumua, linalopeleka maji Nairobi, lilijengwa miaka ya 1950 kwa mfinyanzi uliotokana na miamba ya volkano. Kwa vipimo vya kawaida udongo ule ulitisha: maji mengi, ujazo mwepesi hata ukishindiliwa, mambo ambayo Ulaya yangefanya utupwe. Terzaghi, akiwa mshauri, alisema unafaa, na mwaka 1958 akachapisha maelezo yake. Madini yake makuu ni haloisaiti, na chembe zake zimejikusanya katika vidonge vigumu vyenye vinyweleo. Maji mengi yamejificha ndani ya vidonge, hayalainishi chochote. Udongo ukawa na msuguano mzuri. Maabara zetu hadi leo zinakausha udongo kama huo kwenye tanuri la nyuzi 105 kabla ya vipimo vya unyevu na uplastiki, na tanuri linaubadilisha. Unapima kitu kingine.

Baada ya kustaafu hakupumzika. Alikuwa kwenye jopo la washauri wa Bwawa Kuu la Aswan, Misri, akajiuzulu mwaka 1959. Kanada alisimamia Bwawa la Mission kwenye Bridge River, lililokamilika 1960 juu ya tabaka zinazotitia vibaya. Mwaka 1965 likapewa jina lake.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Vienna, profesa Paul Fillunger alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1910 kwamba shinikizo la maji halibadilishi nguvu ya kitu chenye vinyweleo, na baadaye akamshambulia Terzaghi kwa maandishi makali. Kamati ya chuo ikaamua dhidi ya Fillunger. Machi 1937 yeye na mkewe walijiua. Leo wanaosoma nadharia ya vitu vyenye vinyweleo wanamhesabu Fillunger miongoni mwa waanzilishi. Alikosea alipomshambulia mtu, lakini hisabati yake haikustahili kuzikwa naye.

Shaka yangu nyingine ni juu ya njia aliyoipenda kuliko zote: jenga huku ukipima, na ubadilishe mchoro udongo ukikuambia vingine. Kwake mteja alisubiri. Kwetu mkataba ni wa bei moja, mchoro umeshapigwa mihuri, na kubadilisha kitu katikati ni kukaribisha wakaguzi. Sijui njia hiyo itaishije ndani ya sheria zetu za zabuni. Mimi naendelea kuandika piezomita, vipima shinikizo la maji ya udongo, kwenye kila orodha ya kazi na bei (BOQ), na bajeti ikibana ndizo zinazokatwa kwanza.