Wingi wa maradhi sugu: mwili na akili vinapougua kwa pamoja

Mtu mwenye kisukari peke yake ana mahali pake. Ana kliniki yake, kadi yake, na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya watu kama yeye. Mwongezee baridi yabisi, kisha sonona, na mambo yanavurugika. Daktari wa sukari anatazama sukari, wa viungo anabonyeza viungo, wa afya ya akili anauliza habari za usingizi, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayebaki kuyaunganisha yote hayo. Hali hiyo ndiyo tunayoiita hapa wingi wa maradhi sugu: mtu mmoja kuishi na magonjwa mawili au zaidi ya muda mrefu kwa wakati mmoja, yawe ya mwili, ya akili au ya pande zote mbili.

Dhana hii ina ndugu yake mkubwa. Mwaka 1970 daktari Mmarekani Alvan Feinstein aliandika kuhusu maradhi ya ziada, yale yanayomkuta mgonjwa ambaye tayari ana ugonjwa fulani unaotibiwa. Katika mtazamo huo kuna ugonjwa mkuu, na mengine yanaufuata. Wingi wa maradhi hauna mkuu wa kudumu. Mwezi huu viungo ndivyo vinavyotawala, mwezi ujao sonona inashika usukani, halafu presha inapanda na kuwasahaulisha wote. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Maradhi hayajaisikia methali hiyo.

Wengi huudhani ni mzigo wa wazee. Ni kweli kwamba umri ukisogea uwezekano unaongezeka, lakini picha ni pana zaidi. Utafiti mkubwa wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet ulipitia kumbukumbu za wagonjwa wapatao 1,750,000 na kukuta asilimia 23 wana magonjwa sugu mawili au zaidi. Ukihesabu vichwa, waliokuwa chini ya miaka 65 walikuwa wengi kuliko waliovuka umri huo. Tena kwenye maeneo maskini zaidi hali hii ilianza miaka 10 hadi 15 mapema kuliko kwenye maeneo yenye nafuu, na huko ndiko mchanganyiko wa ugonjwa wa mwili na wa akili ulikoonekana zaidi. Kwa hiyo anayemwambia mtu wa miaka 40 kwamba "wewe bado kijana, huwezi kuwa na yote hayo" anazungumza asichokijua.

Magonjwa yakikaa mwili mmoja huanza kushirikiana. Viungo vikiuma usiku, usingizi unakatika. Usingizi ukikatika kwa muda, mwili unakuwa mzito kuitikia insulini na sukari inapanda. Hamu ya kutembea inaisha, mtu anajitenga, sonona inapata nafasi. Sonona nayo inamfanya asahau dawa, au azitazame asione sababu ya kuzimeza. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kuwa wagonjwa wenye sonona wana uwezekano wa takriban mara tatu zaidi wa kutofuata maelekezo ya matibabu. Mwingine wa mwaka 2001 uliona kuwa sonona huwapata wenye kisukari kama mara mbili zaidi ya wasio nacho. Anayemwita mgonjwa wa namna hiyo mkaidi amekosea anuani.

Dawa zenyewe nazo zinaingia kwenye mchezo. Prednisoloni inatuliza viungo lakini inapandisha sukari, na kwa baadhi ya watu inavuruga usingizi na hisia. Olanzapini, inayotumika kwenye magonjwa ya akili, inaweza kuongeza uzito na kuvuta kisukari kije. Ibuprofeni ambayo watu huinunua bila cheti inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na kwa anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, inaweza kuifanya lithiamu ijae kwenye damu hadi kuwa sumu. Propranololi hupewa wenye kipandauso na hata wenye mapigo ya moyo yanayoletwa na wasiwasi, lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa. Hakuna daktari aliyekosea hapo kwa lazima. Kila mmoja aliandika dawa sahihi kwa ugonjwa aliouona, akiwa hajaonyeshwa mengine. Ndiyo maana mfamasia anayeziona dawa zote kwa pamoja ni mtu muhimu kuliko anavyochukuliwa.

Wakati mwingine bahati inaangukia upande mzuri. Amitriptilini kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva na humsaidia mtu kulala, na duloksetini hutibu sonona na pia maumivu ya neva yaletwayo na kisukari. Kuuliza "kuna dawa moja inayoweza kunifanyia kazi mbili?" ni swali halali kabisa.

Kisha kuna tatizo la dalili kufanana, ambalo kwangu ndilo linalotesa kimyakimya kuliko yote. Fomu ya maswali tisa inayotumika sana kupima sonona inauliza kuhusu usingizi, uchovu, hamu ya kula na kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja. Mwenye baridi yabisi iliyoamka anaweza kuweka alama kwenye yote manne kwa sababu ya viungo tu. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango, mtu anachoka, anazubaa na kuhuzunika, na kipimo cha damu ndicho kinachotoa jibu. Upande wa pili ni mbaya zaidi: faili likishaandikwa "wasiwasi" au "ugonjwa wa akili", maumivu ya kifua yanaweza kupewa jina hilohilo kabla ya kupimwa. Wataalamu wanalijua jambo hili, la utambuzi mmoja kuufunika mwingine, lakini kulijua hakujalimaliza.

Kinachosaidia chumbani kwa daktari ni kueleza badiliko. "Nina maumivu ya kifua" inasikika kama jana na juzi. "Haya si yale ya siku zote. Yalianza wiki iliyopita, yanakuja nikipanda ngazi, yanaacha nikikaa" inamfanya daktari ainue macho kutoka kwenye faili.

Sehemu ambayo haimo kwenye vyeti ni kazi ya kuwa mgonjwa. Mwaka 2005 jarida la JAMA lilichapisha zoezi moja la kushangaza. Watafiti walimbuni mwanamke wa miaka 79 mwenye magonjwa matano: kisukari, presha, mifupa dhaifu, viungo vilivyochakaa na ugonjwa sugu wa mapafu. Wakachukua mwongozo wa kitabibu wa kila ugonjwa na kuufuata kama ulivyo. Wakapata dawa 12, dozi 19 kwa siku, zimezwe nyakati tano tofauti, pamoja na masharti ya chakula, mazoezi na vipimo. Na huyo hakupewa sonona. Hebu mpe, uone ni nani atakayeshika saa.

Mwaka 2009 watafiti Carl May, Victor Montori na Frances Mair waliandika katika jarida la BMJ wakitetea tiba inayovuruga maisha kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Hoja yao ni kwamba matibabu yenyewe ni mzigo, na mzigo ukizidi uwezo mgonjwa anaanza kuangusha baadhi ya vitu njiani. Daktari akiona vimeangushwa anaongeza dozi, na mzigo unazidi. Nadhani hapo ndipo neno "kumudu" linapopata maana yake. Mtu hayamudu magonjwa manne kwa kufanya kila kitu cha kila ugonjwa. Anapunguza kazi, kwa makusudi na kwa kushauriana, ili ile iliyobaki ifanyike.

Kupunguza kunahitaji kupanga kipi kitangulie, kwa sababu ushauri hugongana. Mwenye mawe ya figo huambiwa anywe maji mengi. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri huenda akaambiwa ayapime. Mtu mmoja akiwa na yote mawili, asiachiwe yeye kuchagua nani wa kumtii. Ni lazima awepo mtoa huduma mmoja, mara nyingi daktari wa kawaida na si bingwa, anayekubali kulitazama jambo zima na kusema: kwa miezi mitatu ijayo tunaanza na hili. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu hali hii unaelekea hukohuko: mgonjwa aulizwe nini kina uzito kwake, na dawa zake zipitiwe moja baada ya nyingine kuona ipi bado inastahili. Mmoja atasema anataka kutembea bila fimbo, mwingine anataka akili isizubae kazini. Majibu hayo yanabadilisha cheti.

Swali linaloulizwa sana ni kama sonona isubiri hadi mwili utulie. Mara nyingi kusubiri ni hasara. Utafiti uliofanyika jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2010 uliwahusisha wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na kisukari, ugonjwa wa mishipa ya moyo au vyote. Kundi moja lilipata muuguzi aliyefuatilia sonona, sukari, presha na mafuta ya damu kwa pamoja, akisaidiana na madaktari. Baada ya mwaka mmoja kundi hilo lilikuwa na nafuu kwenye hisia na kwenye vipimo vya mwili, kuliko lile lililopata huduma ya kawaida. Muuguzi mmoja, daftari moja.

Asiyekuwa na muuguzi wa namna hiyo anaweza kuanza na karatasi moja. Jina la dawa, kiasi, saa, na kwenye safu ya mwisho: "ni ya nini, na nani aliiandika". Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayofichua mambo. Mtu anagundua anameza kidonge cha tumbo kilichoanzishwa kwa sababu ya dawa aliyokwishaiacha zamani. Dawa za mitishamba na virutubisho viandikwe pia, kwa kuwa baadhi vinagongana vibaya na dawa za sonona. Karatasi iende kila kliniki, hata ile ya macho.

Siku mbaya zinataka mpango uliofanywa siku nzuri. Wenye maumivu na uchovu wa kudumu hujikuta wakifanya kazi ya siku tatu kwa siku moja pale wanapopata nafuu, kisha wanalala siku mbili. Kugawa kazi ndogondogo na kupumzika kabla ya kuchoka ni ujuzi wa kujifunza, na ndugu wanaomwona mtu amekaa "bila sababu" wanapaswa kuelezwa mapema. Na akili ikifika mahali pa kumwambia mtu kwamba afadhali asiwepo, hiyo haisubiri tarehe ya kliniki: aambiwe mtu wa karibu na atafutiwe huduma ya dharura siku hiyohiyo.

Kuna swali moja la kumuuliza daktari au mfamasia ukiwa mzima kiasi, na jibu liandikwe nyuma ya ile karatasi: "Nikitapika au kuharisha siku nzima, ipi nisimamishe na ipi nisiache kabisa?" Metformini ya kisukari, lithiamu na baadhi ya dawa za presha huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda mwili unapokauka maji. Insulini na steroidi za muda mrefu, kama ile prednisoloni, ni kinyume chake. Kuzikata ghafla kunaweza kumlaza mtu hospitali, na steroidi huenda zikahitaji hata kuongezwa.