Bei kikomo si bei elekezi

Bei kikomo ni bei ya juu kabisa ambayo mwenye kituo cha mafuta anaruhusiwa kumtoza mnunuzi kwa lita moja, katika mji fulani na kwa mwezi fulani. Hapa Tanzania hupangwa na EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na anayeivuka anavunja sheria. Hiyo ndiyo maana yake yote, nami ningeishia hapo kama nisingekuwa nasikia kila mwezi, redioni, vijiweni na hata katika mazungumzo ya wenye malori ambao dizeli ndiyo inayokula sehemu kubwa ya malipo ya mzigo, watu wakiiita bei elekezi.

Wiki chache zilizopita nilikuwa katika sheli moja upande wa Chalinze, nikisubiri zamu yangu nyuma ya semi iliyokuwa ikijazwa matangi yote mawili. Mwenye gari, mzee wa makamo aliyekuwa akisafiri pamoja na dereva wake, alimwuliza binti wa pampu kama angepunguziwa chochote kwa kuwa alikuwa anachukua lita mia sita. Binti akamwonyesha ubao wa bei kwa kidole, akasema kwa upole, "Baba, hiyo ni bei elekezi ya Serikali, hatuwezi kuishusha." Mzee akaitikia kwa kichwa, akaanza kuhesabu noti. Sidhani kama yupo aliyekusudia kumdanganya mwenzake. Neno ndilo lililowadanganya wote wawili.

Kikomo linatokana na kitenzi koma, na umbo lake ni lile lile la kituo kutokana na tua, kivuko kutokana na vuka na kikao kutokana na kaa. Kituo ni pale msafiri anapotua, kivuko ni pale anapovukia, na kikomo ni pale kitu kinapokomea. Mtoto anayeambiwa "koma!" na mama yake haonyeshwi njia, anakatazwa kusogea mbele zaidi ya pale alipofika, lakini hakuna aliyemkataza kurudi nyuma. Bei kikomo ni hivyo hivyo. Juu yake pamefungwa, chini yake muuzaji yuko huru kushindana na jirani yake ndani ya kanuni za bei, na taarifa za EWURA zenyewe hulieleza jambo hilo bila kuficha, ingawa watu wengi huruka maelezo na kukimbilia jedwali.

Elekezi ni neno la ukoo mwingine. Limetoka katika elekea na elekeza, kwa mwisho ule ule unaoitoa tegemezi katika tegemea na chochezi katika chochea, nalo ni sifa ya kitu kinachoonyesha upande wa kwenda. Upande ukishaonyeshwa, msafiri anaweza kuufuata au kuuacha. Kwa maana hiyo ya kamusi, bei elekezi ingekuwa ushauri tu, na mwenye sheli angeweza kuuza juu yake bila kuulizwa. Tatizo ni kwamba neno hilo halisikiki hivyo masikioni mwetu. Katika nchi ambayo "maelekezo" siku hizi humaanisha amri iliyoshuka kutoka juu, mtu akisikia bei elekezi anaelewa kuwa wakubwa wamekwisha kuelekeza, kwa hiyo bei hiyo haipandi wala haishuki. Neno moja linakosea mara mbili: kamusini ni dhaifu mno, mtaani ni kali mno, na pote pawili halisemi kile kinachosemwa na kikomo.

Ni haki pia kutaja kwamba kosa hili lina asili yake. EWURA ilipoanza kutangaza bei hizi mwaka 2009, taarifa za miaka ile ya mwanzo zilikuwa na namba mbili kwa kila bidhaa: bei elekezi, iliyotokana na hesabu ya gharama, na bei kikomo, iliyowekwa juu yake kidogo ili kumpa muuzaji nafasi ya kupumua. Baadaye ile ya kwanza ikaondolewa na kikomo kikabaki peke yake. Namba ikafa, jina likabaki midomoni mwa watu likaenda kukaa juu ya namba isiyo yake. Aliyekuwa akinunua mafuta Agosti 2011 anakumbuka jinsi bei zilivyoshushwa na baadhi ya kampuni zikagoma kuuza, hata magari yakalala kwenye foleni. Ushauri haugomewi namna ile.

Kwa mwenye lori, tofauti hii ina fedha ndani yake. Kikomo hujengwa kwa kujumlisha bei ya mafuta katika soko la dunia, gharama za kuyaleta kwa meli, thamani ya shilingi mbele ya dola, kodi na tozo, gharama za bandarini, faida ya muuza jumla na ya muuza rejareja, kisha usafirishaji kutoka Dar es Salaam, Tanga au Mtwara hadi mji husika. Kodi haiguswi na mwenye sheli, wala bei ya dunia. Anachoweza kukikata ni faida yake, na pengine kipande cha nauli ya kuyasafirisha mafuta ikiwa anatumia gari lake mwenyewe. Ndiyo maana punguzo la kweli huwa ni la makumi ya shilingi kwa lita, na anayedai mia tano anapoteza muda wa watu.

Makumi hayo hayadharauliki. Lori linalokwenda Tunduma na kurudi Dar es Salaam hutembea kilomita zipatazo 1,850, na likila lita moja kwa kila kilomita mbili litahitaji lita zaidi ya 900. Punguzo la shilingi 40 kwa lita 900 ni shilingi 36,000 kwa safari. Mwenye malori kumi yanayofanya safari tatu kwa mwezi anabaki na shilingi 1,080,000, na humo tairi halikosekani. Fedha hiyo haipatikani kwa kulinganisha vikomo vya miji, kama wanavyofanya wengi wanaojaza matangi Dar es Salaam kwa sababu kikomo chake ni cha chini kuliko cha Mbeya. Hesabu hiyo ni nzuri, ila ni nusu ya hesabu, kwa kuwa kikomo cha mji hakikwambii sheli fulani ya mji huo inauza kwa kiasi gani. Hilo huulizwa, na huulizwa na mtu anayejua kwamba lina jibu.

Wapo wanaoogopa kuuliza kwa sababu nyingine. Tangu miaka ile ya kuchakachua, mafuta ya taa yalipokuwa na bei ndogo na yakichanganywa kwenye dizeli, bei nafuu imekuwa ikitiliwa shaka: wakiona sheli iliyo chini ya kikomo wanasema hayo si mafuta. Tahadhari si mbaya, na stakabadhi ya mashine idaiwe kila mara. Lakini aliyechakachua hana sababu ya kujitangaza kwa bei ndogo wakati angeweza kuuza uchafu wake kwenye kikomo kama wengine, na kikomo cha mahali ulipo unaweza kukipata kwa simu ya kawaida kwa kupiga *152*00#.

Zamu yangu ilipofika pale Chalinze sikutaka kumsahihisha binti mbele za watu. Nilimwuliza tu, "Mwanangu, kikomo cha hapa ni shilingi ngapi, na ninyi mnauza ngapi?" Akatazama ubao, akatazama simu yake, akasema zinalingana. Nikamwambia, "Basi ninyi mmeamua kuuza kwenye kikomo. Hamkuelekezwa." Akacheka, akaniuliza kama mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kisha akasema kwamba mambo ya kupunguza yako kwa meneja, na meneja yupo ndani.