Mbawakawa wa milimani hakuletwa na upepo

Watu wengi huamini kwamba mdudu akionekana kwenye nyasi za mlimani, mbali na jamii yake, basi upepo ndio uliompandisha. Kwa mbawakawa chui-milia aitwaye Cicindela longilabris, sivyo. Spishi hii imeenea kwenye misitu ya baridi ya Kanada, ila kusini hubaki milimani tu, kama ile nususpishi ya kijani, perviridis, katika Sierra Nevada ya California. Miaka 20,000 hivi iliyopita, enzi ya barafu, baridi ilitawala hata nyanda za chini, na makazi yao yakaenea huko. Joto liliporudi, makazi hayo yalirudi juu na kukatika vipande vipande. Mabawa anayo na huruka, lakini mabonde yenye joto na ukame humzuia.

Anayestahili kutazamwa zaidi ni buu wake. Hukaa wima shimoni, kichwa bapa kikiziba mlango, na ndoano za mgongoni humshikilia ukutani asivutwe nje na windo lake. Huishi hivyo zaidi ya mwaka. Magari yakisaga udongo huo, kundi la mlima mmoja laweza kutoweka, na hakuna majirani wa karibu wa kuziba pengo.